Mwalimu wa Miguu Iliyolowa

Alitazama miguu kabla ya uso. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona kwenye bwawa la kuogelea la klabu, nilimkuta amechuchumaa juu ya saruji, chaki imechomekwa sikioni kama kalamu ya seremala. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Hivyo viatu ni vya nani?"

"Vyangu."

"Si vyako. Vinakupwaya. Ama umevinunua mnadani bila kuvijaribu, ama umepewa na mtu anayekupenda."

Nilikuwa nimepewa na dada yangu. Nadhani alijua, maana alitabasamu kidogo, kisha ndipo akanitazama usoni, kwa ufupi, kama mtu anayesoma jina la mwandishi baada ya kumaliza kitabu.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto, akina mama wa Alhamisi, hata meneja wa klabu, sote tulimwita Mwalimu, na kule Kizota, mtaa wa pembeni mwa Dodoma, alikokuwa na kibanda cha kutengeneza katambuga za matairi, mafundi wenzake walimwita hivyo hivyo kwa utani. Mchana alikata mpira wa gari kwa ajili ya watu wa kutembea. Jioni alikata mpira mwingine kwa ajili ya watu wa kuogelea. Sikuwahi kuona mtu aliyefikiria miguu ya watu kwa saa nyingi kiasi kile.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa ghafla na ofisi zikaanza kupungua watu. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika shirika moja la umma. Barua za kupunguza wafanyakazi zilipoanza kuja, mimi ndiye niliyezifungulia jalada. Ya kwangu ilipofika niliigonga muhuri wa kupokelewa kama zile nyingine, nikaiweka mahali pake, nikaenda nyumbani. Baada ya miezi mitatu nilikuwa mchuuzi wa samaki.

Samaki wetu walitoka Mtera, kwenye bwawa kubwa la umeme. Jumanne nilipanda basi, nikavuka kwa mtumbwi hadi kambi za wavuvi za ng'ambo, nikalala huko. Jumatano asubuhi nilivuka tena na magunia ya perege wakavu, na jioni nikashuka stendi Dodoma. Mimi ni Mgogo wa ndani kabisa. Maji niliyokua nayo ni yale unayoyafukua kwenye mchanga wa korongo, ukayangojea yajae kata. Kule Mtera nilikaa katikati ya mtumbwi nikiwa nimefumba macho, nikayafumbua tuliposikia mchanga chini.

Msimu mmoja wa upepo mtumbwi ulipinduka, na mwenzetu mmoja, niliyekuwa nikilala naye jamvi moja kambini, alipatikana siku ya tatu. Nilikaa nyumbani wiki mbili. Watoto wangu wawili walikuwa shule, baba yao alikuwa amekwisha kufariki, na samaki ndio waliokuwa wamenipokea baada ya ofisi kunitoa. Ama niache kuvuka, ama nijifunze kukaa juu ya maji mpaka mtu aje kunichukua. Hilo ndilo nililomweleza Mwalimu.

"Kwa hiyo hutaki kushindana?" akauliza.

"Hapana. Nataka nisife."

"Basi hutaki mengi," akasema. "Vua viatu."

Nilitegemea aniambie niingie majini. Aliniambia niketi ukingoni na kutumbukiza miguu tu, mpaka atakaponiambia niitoe. Alikwenda zake kuwafokea watoto. Nilikaa pale dakika kumi nikiona vidole vyangu vikikunjamana. Aliporudi alisema maneno ambayo baadaye nilimsikia akimwambia kila mgeni:

"Mguu mkavu unadanganya. Sasa simama hapo kwenye saruji. Usijikaze. Simama kama uko kwenye foleni ya sukari."

Foleni ya sukari tuliikumbuka sote, ilikuwa ya juzi tu. Nikasimama. "Ondoka." Nikaondoka, na nyayo zangu mbili zikabaki pale, nyeusi juu ya saruji nyeupe. Akazirukia na chaki. Alizizungushia mstari upesi upesi, kwanza kisigino, kisha vidole, maana jua la Dodoma lilikuwa linazifuta huku yeye anachora. Alipomaliza ule wa kushoto, wa kulia ulikuwa umekwisha kauka vidole viwili, akavichora kwa kumbukumbu. Kisha akaleta pezi.

Mapezi ni vile viatu vya mpira vyenye bapa pana mbele, ambavyo watoto wetu waliviita miguu ya bata. Alikuwa na jozi zisizopungua ishirini, zote zimetundikwa kwa misumari kwenye ukuta wa chumba cha pampu. Alilaza moja juu ya mchoro wa chaki, akalisogeza, akaliondoa, akaleta lingine. La tatu akaridhika nalo. Katika yote hayo hakuwa amegusa hata ukucha wangu. Alikuwa mtu wa kuswali na mkali wa mipaka. Ile njia ya chaki ilimwezesha kuwahudumia wake za watu bila mtu yeyote kuwa na la kusema.

Ulipokwisha kuvaa, zilifuata amri. Kung'uta mguu kama umepandwa na siafu: likichomoka, ni kubwa. Nyoosha vidole humo ndani: vikigoma kunyooka, ni dogo. Ingiza kidole chako kidogo nyuma ya kisigino: kikipita bila ubishi, ni kubwa tena. Kisha tembea, na utembee kinyumenyume, kwa sababu anayetembea mbele akiwa na mapezi hujikanyaga na kuanguka kifudifudi. Ukiwa na ngozi laini alikupa soksi kuukuu iliyokatwa vidole, uvae ndani ili mpira usikuchubue. Soksi hizo aliziomba kwa majirani na kuzifua mwenyewe.

Watu walimuuliza alikoyatoa mapezi yote yale katika mji ambao mvua ikichelewa tunaombea makanisani na misikitini kwa pamoja. Aliyatoa kwenye mitumba. Marobota ya viatu yalipofunguliwa mnadani, katikati ya raba na buti za baridi ziliibuka hizo bapa za mpira, na wauzaji hawakujua ni za nini. Mwalimu alikuwa na jicho lake. Mara moja nilikuwa naye barabarani tulipompita mama ntilie akipepea jiko lake la mkaa kwa pezi la buluu, zuri kabisa. Mwalimu akasimama kama aliyeitwa.

"Dada, hicho kipepeo umekitoa wapi?"

"Nimepewa na mwuza viatu. Kinapepea hicho! Ugali unaiva kabla sijasonga."

"Kina mwenzake?"

"Mwenzake ninazolea taka."

Akaondoka na yote mawili, na yule mama akabaki na kipepeo cha ukili kipya ambacho Mwalimu alimnunulia duka la jirani. Njia nzima alikuwa akilikunja lile la buluu kwa vidole gumba viwili, akilitega sikio. Ndivyo alivyochagua. Bapa likikunjika kama karatasi, alisema halifundishi kitu. Likikataa kama bati, alisema litamkakamaza mtu misuli kabla hajafika katikati. Alitaka lile linalokubali halafu likarudi lenyewe. Na alilitaka fupi. Yale marefu ya wazamiaji aliyakata kwa kisu chake cha katambuga, akayaacha kama shibiri moja mbele ya vidole, akayapiga msasa kingo.

"Refu linakupa mwendo usio wako," alimwambia kijana mmoja wa chuo aliyelalamika. "Ukilivua unajikuta uko pale pale ulipokuwa mwaka jana, ila sasa una kiburi."

Kosa alilolichukia kuliko yote lilikuwa letu sote, nami nililifanya. Sisi tunanunua vya kukulia. Sare ya shule inanunuliwa inafika vifundoni ili mtoto aifikie darasa la tano. Viatu vinanunuliwa namba mbili mbele, vikajazwa pamba. Kwa hiyo wazazi waliokuwa na uwezo walipoleta watoto kujifunza kuogelea, walikuja na mapezi makubwa kama majembe, na mtoto wa miaka minane ameyavaa kwa fahari.

"Atayakulia tu, Mwalimu," baba mmoja alimwambia, mtu mwenye gari na tumbo.

"Atayakulia akiwa wapi, mzee? Humu majini?"

"Mwakani yatamkaa."

"Haya. Basi mlete mwakani."

Yule baba akacheka akidhani ni utani. Mwalimu akamgeukia mtoto mwingine. Ilibidi baba azunguke ukumbi mzima wa klabu akitafuta mtu wa kumwombea msamaha, na mwisho mtoto akavishwa jozi ya ukutani, fupi, iliyoraruka kisigino na kuzibwa kwa tyubu ya baiskeli, na akaogelea vizuri kuliko wote siku ile.

Si kwamba hakukosea. Kulikuwa na ofisa mmoja wa serikali, mtu mrefu mwenye haraka, ambaye Mwalimu alimpa jozi ya kuunganisha: la kushoto limetoka robota moja, la kulia jingine. Alidhani yanalingana. Yule ofisa alijitupa majini, akapiga miguu kwa nguvu zote, akaogelea duara. Akainua kichwa, akajikuta ametazamana na ukingo alikotoka. Akajaribu tena. Duara. Watoto walishika mbavu. Mwalimu hakucheka, alikwenda akakaa na yale mapezi mapajani, akayapima kwa mkono mmoja baada ya mwingine kama mtu anayelinganisha mapapai, na wakati yule ofisa anakauka juani, akanyoa lile la kulia kwa kisu mpaka yakawa ndugu. Lakini baada ya hapo kila jozi mpya aliivaa mwenyewe kwanza na kuogelea nayo urefu mmoja wa bwawa akiwa amefumba macho. Akigonga ukuta wa pembeni, jozi ilirudi kwenye kisu.

Sasa, mtu huyu aliyeshinda majini kila jioni, alikuwa bahili wa maji asiye na mfano. Aliyeruka na kumwaga maji nje ya bwawa alitolewa. Taulo zetu zilizolowa hatukuruhusiwa kuzikamulia popote ila kwenye mche wa mpapai aliouotesha nyuma ya chumba cha pampu, na kila mmoja alikuwa na zamu yake. Yeye mwenyewe alioga kopo moja. Nilimtania siku moja.

"Mwalimu, una bwawa zima na unaoga kwa kopo?"

"Bwawa ni la kazini. Wewe ulipokuwa masjala, karatasi za ofisi ulizipeleka nyumbani ukafungia maandazi?"

Nikajitia kukamua taulo langu, maana nilizipeleka.

Tulikuwa na utani wetu wa kudumu. Yeye alikuwa wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, wale ambao mababu zao walikuja na misafara, na zaidi ya hapo sikujua na hakupenda kueleza. Alinipokea kila Alhamisi kwa "Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo, kwa kejeli, kisha, "Karibu, mjukuu wa ukame. Leo tena umekuja kutazama maji?"

"Nimekuja kukuonea huruma, Mwalimu. Nyie wa mjini mnajua maji ya bomba tu. Yakikatika siku mbili mnalia."

"Angalau tunajua yanapotoka."

"Sisi tunajua yanapokwisha."

Hapo alishindwa, akaniambia niingie majini.

Alikojifunzia kuogelea ni jambo nililolifuatilia. Kazi ya masjala ilikuwa imeniachia tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari na kuweka tarehe pembeni. Nilimuuliza mara tatu, kwa miezi tofauti. Mara ya kwanza alisema jeshini. Mara ya pili alisema Kigoma, alikofuata mchumba aliyemkataa. Mara ya tatu alisema alijifunza kwa kitabu kilichokuwa na kurasa za mwisho zimechanika, "ndiyo maana sijui kutoka majini kwa madaha." Kweli, alitoka bwawani kama ng'ombe anayetoka kwenye josho. Nimeziandika zote tatu. Ninaelekea kuamini ya kitabu.

Mwezi wa Ramadhani hakuingia majini, asije akameza tone. Alitembea ukingoni na mwanzi mrefu, na ukilegeza miguu alikugusa kisigino nao, taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto wa mwenzake. Ulikuwa mwezi mbaya kwetu, kwa sababu akiwa majini hakuona kila kitu, lakini akiwa juu aliona vyote.

Kusifu hakukuwa kwake. Alikuwa na maneno mawili: "haitoshi" na "tena". Mtoto mmoja aliyeshinda mashindano ya shule alikuja mbio na cheti, na Mwalimu akakisoma mbele na nyuma, akauliza, "Ulivaa soksi?" Mtoto akasema hapana. "Nionyeshe kisigino." Kilikuwa kimechubuka. Akarudisha cheti. Baadaye nilimwona amejificha kwenye chumba cha pampu, anapiga msasa ndani ya kiatu cha pezi la yule mtoto, mahali pale pale palipomchubua, na alikaa kwenye kazi hiyo mpaka tukaondoka.

Mimi nilijifunza polepole. Nilikuwa na miguu ya kutembea, migumu kwenye kifundo, na majini ilikuwa inachapa kama inayoponda udongo. Nilipovaa mapezi kwa mara ya kwanza na kushika ubao, nikasikia maji yanasukumwa nyuma yangu na mwili wangu unakwenda, nilipiga kelele hata mlinzi wa getini akaja. Kwa miezi miwili nilikuwa mtu mwingine. Nikiwa na mapezi nilivuka bwawa mara sita. Nikiyavua, nilizama hatua ya tano.

Kila kipindi alikigawa sawasawa: nusu na mapezi, nusu bila. Kila kipindi nilitafuta sababu ya kuirefusha nusu ya kwanza. Na kila Jumatano bado nilikuwa nimefumba macho katikati ya mtumbwi.

Ndipo nikapata wazo langu. Nilikwenda mnadani peke yangu, nikanunua mapezi yangu mwenyewe, marefu, meusi, ya wazamiaji, namba mbili mbele kwa sababu yalikuwa ya mwisho na kwa sababu, nadhani, damu ni damu. Nikayajaza sifongo ya godoro. Mpango ulikuwa niyabebe kwenye mtumbwi, ndani ya kikapu, chini ya kanga. Kabla ya hapo nikataka niyajaribu bwawani, Mwalimu akiwa ameenda kuswali alasiri.

Nilipiga miguu mara tatu. Sifongo ililowa, ikavimba, halafu pezi la kulia likachomoka na kwenda chini. Lile la kushoto likabaki nusu, limenining'inia vidoleni, linanivuta pembeni. Nilikuwa kwenye kina cha kifua tu, lakini sikukumbuka kusimama. Akina mama wawili walinivuta kwa fulana. Mwalimu aliporudi alinikuta nimekaa ukingoni natapika maji, na pezi moja limeelea wima kama jiwe la kaburi.

Hakufoka. Alilipigia mbizi lile lililozama, akayatoa yote mawili, akachomoa sifongo, akaikamulia mpapai.

"Haya ulitaka kuyavaa wapi?"

"Kwenye mtumbwi."

"Mtumbwi ukipinduka utaambia maji yasubiri, unavaa?"

"Ningeyavaa kabla."

"Ungekaa kwenye mtumbwi na mapezi, Jumatano nzima, mbele ya wavuvi?"

Mama mmoja alicheka, na mimi nikacheka, kisha nikaanza kulia, na sikuweza kuacha. Nilimwambia kwamba bila yale mapezi mimi si kitu. Nilimwambia watoto wangu wana miaka mingapi. Alisikiliza amesimama, anatazama pembeni, kama alivyofanya siku zote mwanamke alipolia mbele yake.

"Pezi linauonyesha mguu njia," akasema mwishowe. "Mguu ukishaiona, pezi linarudi msumarini. Wewe unataka kuishi na kiongozi wa njia."

Tangu Alhamisi ile hakunipa mapezi tena. Niliomba, nikabembeleza, nikanuna. "Haitoshi," alisema nilipofika katikati ya bwawa bila kitu miguuni. "Tena," nilipofika ukuta wa pili. Alinifanya niogelee na kitenge kimefungwa kiunoni, kwa sababu mtumbwini nilivaa kitenge, na akanifundisha kukifungua kwa mkono mmoja. Alinifanya nilale chali na kutazama mawingu, hali hakuna mawingu. Nikameza maji mengi ya klabu. Kisha, Alhamisi moja ya kawaida, nilivuka mara nne, nikatoka, nikasubiri aseme "tena".

"Inatosha," akasema. Akageuka akaenda kufunga pampu.

Sikuamini masikio yangu. Niliandika neno hilo kwenye daftari, peke yake kwenye ukurasa. Jumatano iliyofuata nilivuka Mtera macho wazi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kuna ndege weupe kule.

Nilivuka miaka tisa. Kwa Mwalimu nilikwenda mara chache zaidi, kumpelekea samaki, halafu klabu ikauzwa, mwenye kununua akalifukia bwawa na kuweka ukumbi wa harusi juu yake, na Mwalimu nikasikia amehamia Ihumwa, nje ya mji.

Mwaka wa tisa mtumbwi wetu uliingiza maji. Haukupinduka, ulizama tu kwa utulivu, kama mtu anayeketi, kiasi cha uwanja wa mpira kutoka ufukweni, na magunia yakaanza kuelea moja moja. Watu walishika kingo. Mimi nilikuwa upande uliotangulia kwenda chini, nikajikuta peke yangu, na upepo unanipeleka mbali nao. Nilifungua kitenge kwa mkono mmoja. Nilipiga miguu. Sina la kueleza zaidi ya hilo, ila kwamba ulikuwa mwendo mrefu na nilifika. Wenzangu wote walichukuliwa na wavuvi. Gunia langu moja lilifika kabla yangu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Ihumwa na ndoo ya perege. Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba ya udongo, karibu na reli, amezeeka sana, fimbo ubavuni. Hakutazama miguu yangu kwanza. Alinitazama usoni, kwa muda mrefu, mpaka nikaona aibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbukwenyi. Kaa."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye kitenge, aliitikia kwa kichwa. Nilipofika ufukweni, alisema "Alhamdulillahi," taratibu, kisha akaanza kuwahesabu samaki ndooni kana kwamba ndio habari niliyoileta.

Mkewe akatoka na sinia la ugali na mlenda na birika la kunawia. Sikuwahi kumwona kabla. Alisimama akanikagua.

"Ndiye huyu mama wa Jumatano?"

"Weka chakula, mke wangu," Mwalimu akasema.

"Ni yeye, au si yeye?"

"Jumatano gani, Mama?" nikauliza.

"Haya, kumbe hukumwambia!" Akaketi kwenye kigoda, birika bado mkononi. "Mwanangu, siku aliyokuruhusu alirudi nyumbani hakula. Nikamuuliza una nini. Akaniambia, nimemwachia yule mama wa samaki, na bado hajaiva, ila nikiendelea kumshika hatanyanyuka kamwe. Basi. Tangu siku hiyo kila Jumatano jioni anaaga anakwenda stendi. Kufanya nini? Anasema kununua sigara. Huyu, sigara! Chakula kinapoa, mimi namsubiri. Anarudi usiku umeingia, anasema, 'Haya, tule.' Nikajua basi la Mtera limefika. Mpaka tulipohamia huku. Na huku nako Jumatano haongei."

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa anasukuma samaki mmoja kwa kidole, anamrudisha kwenye mstari.

"Ni kweli, Mwalimu?"

"Nilikuwa natazama mabasi tu," alisema. "Mabasi ya njia ile yalikuwa mazuri siku zile."

Hayakuwa mazuri. Niliyapanda miaka tisa. Mengi yaliingia stendi yakisukumwa na abiria, na mimi nikiwa miongoni mwao, viatu mkononi.